Jina la Mtu Aliye Hai

Nilimpa binti yangu wa kwanza jina la shangazi yangu, na shangazi alikuwa hai, mzima kabisa, akipalilia mahindi yake kule Misikhu. Msomaji wa kwetu ameshashika kichwa. Msomaji wa mahali pengine anauliza, kosa liko wapi? Nitaeleza, ingawa hata leo nikieleza masikio yanapata moto.

Kwetu Bungoma mtoto hupata majina mawili. La kwanza halina shida, ni la majira aliyozaliwa: mvua, mavuno, kiangazi. Mimi nilizaliwa wakati wa njaa na jina langu linasema hivyo mpaka sasa. Nikijitambulisha kwa mtu wa nyumbani, kabla sijaketi ameshajua kwamba mama yangu hakuwa na kitu chunguni. Jina la pili ndilo lenye uzito. Hilo ni la mtu wa ukoo aliyekwisha kufa, anayetaka kurudi nyumbani kupitia mtoto. Ukimpa mtoto jina la mtu anayepumua, ni kama umemchimbia mtu huyo shimo, ukasimama kando na jembe ukimngoja.

Nilijua haya yote. Hapo ndipo ujinga wangu unapoanzia. Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya pili, nami nilikuwa karani wa ghala la mahindi katika shamba la mzungu karibu na Kitale. Nilikuwa nimesoma sekondari, na wakati ule mtu aliyesoma sekondari alitembea kama amemeza fimbo. Jirani yetu katika kambi ya wafanyakazi, mama Mkikuyu mwenye maneno makali na moyo mwema, alijifungua msichana, akampa jina la mama mkwe wake. Yule bibi alikuja mwenyewe kwa miguu yake, akampakata mjukuu, akaongea naye kama mtu anayeongea na kioo. Nikaona wivu. Nikajiambia, wenzetu hawa humheshimu mtu angali ana masikio ya kusikia. Sisi tunangoja afe kwanza!

Tena, kwenda nyumbani kuuliza wazee kulikuwa mwendo wa siku mbili, nami ni mtu wa kupenda kiti changu. Nimewahi kukosa harusi ya rafiki kwa sababu niliona wingu. Basi mke wangu alipojifungua, sikuuliza mtu. Nilichukua kalamu nikaandika barua, mwandiko wa kulaza vizuri: mtoto amezaliwa, ni msichana, tumempa jina la shangazi aliyenilea nilipokuwa shuleni, asante kwa ugali wote.

Barua ilisomwa mbele ya watu baada ya ibada. Niliambiwa baadaye kwamba wanawake wawili walianza kulia papo hapo. Shangazi, aliyekuwa mbele yao, aligeuka akawauliza, "Kama nimekufa, ni nani amekalia hii benchi?"

Huku Kitale, mtoto naye akaanza kulia. Sisemi kulia kwa watoto wote. Huyu alilia mpaka sauti ikakauka, ikabaki mdomo tu umefunguka. Akipewa titi, alivuta mara mbili, akageuza uso. Mke wangu alijikamua akamnywesha kwa kijiko, maziwa yakatokea pembeni. Dresa wa shamba, mtoa dawa wetu, alileta dawa ya tumbo kwenye chupa, tukampa, akaitapika. Ngozi ya shingo ililegea kama nguo ya mtu mwingine. Mke wangu hakunilaumu kwa neno hata moja. Aliacha tu kumwita mtoto kwa jina lake, na mimi nikaona bora angenitukana.

Asubuhi moja mlango ukajaa kivuli. Shangazi. Vumbi lilimpanda mpaka magotini, na kwapani alikuwa na kuku aliyechoka kuliko yeye.

"Mulembe, karani," alisema. "Nimekuja kuona kaburi yangu."

"Senge," nilimwita kwa neno letu la shangazi, "nilitaka kukuheshimu."

"Ati kuniheshimu! Si ungetuma sukari, bana?"

Kisha akamsikia mtoto, na utani ukaisha usoni mwake kama taa iliyopulizwa. Alinipa kuku. Akaketi kizingitini, akanyoosha miguu, akamlaza mtoto juu ya mapaja. Mke wangu aliambiwa akae karibu, titi likiwa tayari. Mimi niliambiwa nikae pale mbali na nisilete Kizungu.

Kwanza alijiondoa. "Hili jina ni langu," alimwambia mtoto. "Bado nalitumia. Nirudishie." Akamtemea mate kidogo kifuani, kama wanavyobariki wazee wetu, akaanza kuita waliokufa, ili yule anayetaka kurudi ajulikane mtoto akinyonya.

Nilidhani atataja wanne, watano. Alitaja mama yake, akangoja, mke wangu akatoa titi, mtoto akageuza uso. Akataja bibi yake. Mtoto akageuza uso. Akaendelea. Kila mmoja alimwita kwa jina, akamtambulisha kwa maneno machache, akangoja. Huyu ni yule pombe yake ilipatanisha ndugu wawili waliokuwa wameshikiana mikuki. Huyu alipigwa na radi akivuna wimbi. Huyu mume wake alichukuliwa kubeba mizigo katika vita vya Wajerumani, naye mke akakaa mlangoni mavuno matatu akiangalia njia, hakula ya nne. Jua lilipanda mpaka juu ya paa. Hakurudia jina, hakukosea nani alizaa nani, hakuomba maji.

Mimi niliyeweza kutaja mito ya Ulaya kwa mpangilio, katika hao wote nilikuwa nawajua watatu. Kadiri alivyoita ndivyo ua wetu ulivyozidi kuwa mdogo. Niliona aibu nimekalia kiti, nikasimama, kana kwamba wageni wamekosa mahali. Jirani yetu, yule mama Mkikuyu, alikuwa amesimama na karai la nguo kichwani, na hakulitua.

Mwishowe shangazi alinyamaza. Nilifikiri wamekwisha, na mke wangu alifikiri hivyo hivyo, maana alifumba macho.

"Kulikuwa na mmoja," shangazi alisema polepole. "Dada ya bibi yangu. Walipokuwa wanahama, wakivuka mto kule Lwakhakha, alishikwa na homa akabaki nyuma. Hakuolewa. Hakuzaa. Sijasikia mtu amemwita tangu nizaliwe."

Akalitaja jina lile kwa sauti ya chini, kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili.

Mtoto alinyamaza. Alifungua macho, akamtazama shangazi, au alitazama kitu kilichokuwa nyuma yake, sijui. Mke wangu akamkaribisha kifuani, na mtoto akashika, akavuta, hakugeuka. Tulisikia akimeza. Sijapata kusikia sauti kubwa kama ile, koo dogo lile likimeza.

Najua dresa angesema ni dawa yake. Najua mtoto huchoka kulia. Nimekuwa na miaka mingi ya kutafuta maelezo, na ninayo kadhaa mazuri, lakini hakuna hata moja linalolaza nywele zilizonisimama shingoni siku ile. Mwanamke asiye na kaburi wala mtoto alikuwa amebebwa miaka yote hiyo katika kinywa kimoja tu, akatembezwa siku mbili kwenye vumbi, akafikishwa mlangoni pangu.

Shangazi aliomba chai. Kabla haijachemka alikuwa amelala, kichwa kwenye mwimo wa mlango, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi alivyozeeka. Jirani yetu akatua karai, akasogea. Alimtazama mtoto aliyekuwa bado ananyonya, akamtazama shangazi, halafu akanigeukia mimi.

"Karani," alisema, "huyu mama akikufa, mtoto wa pili mtamfanyia nini? Mtamsomea gazeti?"