Kifaranga wa Yai Lenye Makunyanzi

Jamani, lile yai langu la makunyanzi limeanguliwa!

Ni leo asubuhi, nikijiandaa kwenda kukata mkonge. Mgongo unaniuma, lakini nacheka peke yangu.

Kuku wangu hutaga mayai yenye mikunjo kama paji la uso la mzee. Bi Mwanahawa, jirani yangu hapa Kisarawe, Mzaramo, mtani wetu sisi Wanyamwezi, alitaka nimchinje kuku huyo.

"Nuksi hiyo! Mkonge umekuzeesha wewe, sasa umezeesha na kuku!"

Nikakataa. Nikamwacha kuku aatamie. Mayai mengine yakaoza, likabaki hilo moja.

Basi leo nikamwita Bi Mwanahawa aone. Kifaranga mweusi, mzima, anapiga kelele.

Akamtazama. Akamfutika kwenye pindo la khanga, huyoo, anaondoka naye!

"Bibi we, wangu huyo!"

"Cha mtani hakina mwenyewe. Miaka yote uliyokaa hapa sijakuchukulia kitu, unajua kwa nini? Ulikuwa huna cha kuchukuliwa."

Majirani wakaangua kicheko.

Nyie wa kwetu Tabora, mwambieni mama: huku nina mali ya kuporwa.