Jiwe la Mbele ya Baraza

Kwetu Amu, mjini Lamu, mtu akipita barazani asitoe salamu, hajafika pembeni ameshapewa jina. Kwa hiyo uso huinuliwa. Bahati mbaya vidole vya miguu havina macho, na tangu mafundi wa mabomba waufukue mtaa wetu, mawe ya kabro yaliyotandikwa njiani waliyarudisha ovyo ovyo, kila moja limelala lipendavyo.

Moja lilichomoza mbele kabisa ya baraza ya wastaafu watano, na wao walilijua kuliko walivyozijua nyumba zao. Walimwona mwalimu wa bara akianguka na madaftari yake. Walimwona muuza samaki akifuatana na samaki wake. Kila aliyejikwaa walimpa pole kwa sauti moja, kisha wakajadili kwa starehe ni mguu gani uliotangulia. Kuling'oa hakuna aliyewaza. Nami, nisijitakase, nililikwepa kila siku nikaenda zangu.

Mamangu alikuwa ameshavunjika nyonga mara moja, na daktari alituambia wazi kwamba akianguka tena hatatembea. Basi kila nilipompeleka kwa dadake nilimshika mkono, nikamsihi atazame chini. Wiki mbili alinitii. Ya tatu, mke wa mmoja wa wale watano alikuja kutuuliza, kwa upole wenye miiba, kama Bi kapatwa na nini hata wakubwa wenziwe hawasalimii.

Safari iliyofuata alikataa katakata.

"Wakiniona nimeinamia nti, macho chini, watanena nina kiburi," aliniambia.

Akainua uso, akawapa sabalkheri. Wakaitika wote watano. Mguu wake ukalikuta jiwe, akaanguka, na mimi niliyemshika mkono nilikuwa nimegeuka kuwasalimia pia. Hilo sijajisamehe.

Walikuja kumtazama wamejitia marashi, kanzu zimepigwa pasi, wakamwombea dua ndefu. Dua ilipokwisha nilimuuliza mkubwa wao kama hawakuliona lile jiwe miezi yote ile.

"Twalijua sana, mwanangu," alinijibu. "Lakini hatukulitia siswi, walilitia mafundi."

Wenzake wakatikisa vichwa, wameridhika na jibu. Hasira zilinipanda, nikatamani kuwatoa nje mmoja mmoja. Mamangu, ambaye sasa hata msalani hubebwa, akaniita kitandani kwa sauti ndogo, akaniambia nisimwaibishe, niwape wageni kahawa.

Nikawapa.