Mgeni Aliyenifundisha Michembe

Juzi, pale Nyasubi, nilinusa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa, ikichemka kwa jirani, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni.

Baba alizoea kusema wageni wa machimboni watatumaliza sisi Wasukuma. Nilidhani watamaliza chakula chetu. Kwa hiyo Mama Neema, jirani mpya aliyekuja machimboni kutoka Kigoma, alipoingia uani, nililikalia gunia la viazi vikavu.

“Kabula, mbona humwamkii mgeni?” bibi aliuliza.

“Atatumaliza!”

Mama Neema alicheka. “Kwa tumbo gani, mwanangu?”

Bibi alimpa kisu, wakakata viazi hadi jioni. “Vyembamba zaidi, mama,” bibi alimwelekeza.

Bibi alifariki kabla sijaruhusiwa kushika kisu. Mama Neema ndiye aliyenifundisha kukata michembe. Ninamshukuru Mungu aliyemleta.