Bibi wa miaka 72 aliyeandikwa mjamzito kwenye mfumo wetu

Wakuu, salaam. Hili nimelishuhudia kwa macho yangu, tena nilishiriki, kwa hiyo hakuna chumvi humu. Nimebadilisha majina tu.

Mimi ni nesi, mzaliwa wa Ujiji. Miaka ile wakimbizi wa Burundi wanaingia kupitia Kagunga, nilipata kazi zahanati ya kambini. Kiha na Kirundi vinasikilizana, basi nikageuzwa mkalimani.

Mara tukaletewa mfumo wa kompyuta. Ulisaidia, sikatai. Mafaili yaliacha kupotea.

Ila maswali yake sasa! Usipojaza kisanduku kimoja, hauendi mbele. Dokta wetu, kijana mpole tumwite Eli, macho yake yalihamia kwenye screen. Mgonjwa alibaki kuwa sauti tu. Foleni inanung'unika, na Eli mwenyewe jioni anaondoka kanuna, mgongo unamuuma.

Siku hiyo akaingia Bibi Venansia. Kakonda, anakohoa. Akaanza kueleza, mimi natafsiri, Eli anagonga keyboard.

Katikati ya maelezo Bibi akanigeukia. Akaniuliza huyu kijana anamwandikia nani barua ndefu hivyo. Nikamwambia anaandika habari zake.

"Basi mwambie nina mimba ya miezi mitatu," akasema, uso mkavu kabisa.

Wakuu, kazi ya mkalimani ni kutafsiri. Nikatafsiri.

Eli hakugeuka. "Miezi mitatu. Ameshaanza kliniki?"

"Bado," nikajibu, nimeng'ata shavu kwa ndani.

Mfumo nao ukapokea. Aliyemsajili aligeuza tarakimu, badala ya 72 akaweka 27.

Msinihukumu, nilipanga kusema ukweli akimaliza. Lakini Eli akawahi kuomba picha ya kifua, na mfumo ukagoma: mgonjwa ni mjamzito.

Hapo kicheko kikanikauka. Gari la X-ray lilikuwa linaondoka mchana uleule, na hakuna aliyejua litarudi lini.

Eli akageuka kumpa pole mjamzito wake. Akakutana na mvi, makunyanzi, na mdomo usio na meno ya mbele. Akaniangalia. Mimi nikaangalia ukuta.

"Sasa ameniona," Bibi akasema. "Nianze upya?"

Eli akavuta kiti, akakaa karibu naye. Ndipo Bibi alipotaja jasho la usiku, na kwamba mumewe alikufa kwa kikohozi kama hicho kabla hawajavuka ziwa. Hayo yote hakuwa ameulizwa.

Kufuta mimba kukashindikana. Ili kuifunga, mfumo ulitaka uchague: amejifungua, au imeharibika. Chaguo la tatu halikuwepo.

Eli akaandika ombi kwa mkono, akakimbia nalo mpaka kwenye gari, akambembeleza mtu wa X-ray ambaye tayari alikuwa anafunga milango. Picha ikapigwa. Ilikuwa TB.

Bibi akaanza dawa, mwili ukarudi.

Watu wa IT wa huo mfumo walichukua miezi kulishughulikia. Muda wote huo mfumo ulimpangia Bibi kliniki ya wajawazito, naye, aliporuhusiwa kuchangamana na watu, akahudhuria. Alikaa benchi la mbele, akawaeleza mabinti uzazi wa zamani ulivyokuwa, akaomba na chandarua.

Eli aligeuza meza yake ili amtazame mgonjwa. Tangu siku ile akawa anasikiliza kwanza, anaandika baadaye. Foleni ilibaki ndefu vilevile, ila manung'uniko yakapungua, na jioni nikaanza kumsikia akipiga mluzi.

Somo nililopata: mfumo ni mzuri, lakini mgonjwa atazamwe kwanza. Na mkalimani asiaminiwe sana.

Siku IT walipopiga simu kuuliza ile mimba waifungeje, Bibi alikuwepo. Nikamtafsiria machaguo yote mawili.

Akafikiri kidogo, akamwangalia Eli.

"Waambie nimejifungua. Nimezaa daktari."

Haya, wahudumu wa afya wa humu, mifumo yenu imewafanyia nini? Na nyie wagonjwa, mmewahi kumdanganya daktari ili awatazame? Uwanja ni wenu.