Vitoto vya Samaki Vilivyofutwa Makambako

Fundi wa studio pale Makambako alinigeuzia kompyuta yake huku akitabasamu. "Ona, bosi. Imetakata."

Ilikuwa picha yangu ya samaki jike, niliyoipiga chini ya maji ya Ziwa Nyasa. Samaki yule hulea wanawe mdomoni, na nilimkuta ameachama, vitoto vikikimbilia ndani. Sasa vitoto havikuwepo. Alibaki samaki anayepiga miayo kwenye maji matupu.

"Vile vidogo viko wapi?"

"Vile vidoa? Nimevitoa vyote, kimoja kimoja. Nusu saa nzima!"

Masikio yaliniwaka moto. Kupiga picha majini nilijifunza mwenyewe, kwa video za simu na kwa tangi la maji lililo nyuma ya nyumba yetu, mtaa wa Mjimwema. Nilikuwa nazamisha karoti badala ya samaki na kuipiga picha, mikono ikifa ganzi kwa baridi ya Juni. Kuzamia na mtungi wa hewa nilifundishwa na dada mmoja jirani yetu, aliyekulia kando ya ziwa kule Ludewa. Alikuwa amenipa sharti: nisipomletea picha moja iliyochapwa, ya samaki anayefanya jambo, "siyo samaki wa pasipoti," sitashuka tena na kamera. Safari ya ziwani ilikuwa kesho yake.

"Rudisha ya mwanzo," nikamwambia fundi.

"Nimeseivu juu yake. Kwani huna nyingine?"

Sikuwa nayo, na hapa lazima niseme ukweli. Nilipiga picha nyingi siku ile, kisha nikakaa juu ya jiwe ufukweni nikazifuta. Moja mkia ulikatika, nyingine jicho halikukaa sawa. Siwezi kulala nikijua kuna picha yangu mbaya mahali fulani. Nilibakiza moja tu, kwenye kadi, na kadi nikamkabidhi yeye bila kutoa nakala.

"Halafu wewe si ndiye ulinigombeza mwezi uliopita kwa ajili ya vidoa?" akasema.

Kweli, nilimgombeza. Ukiwasha flashi majini, kila chembe inang'aa kama unga uliopeperushwa, na nilimrudishia picha mara tatu. Lakini si uulize? Studio zetu ndivyo zilivyo. Mtu anaingia na chunusi, anatoka hana. Bibi yangu wa Ilembula ametundikwa ukutani na mashavu ya bi harusi, kovu lake la shavuni limefutwa, na sisi tulishukuru! Hakuna aliyemuuliza bibi kama kovu lile alikuwa analitaka.

Mama aliyekuwa akisubiri zamu yake akachungulia. "Mbona samaki mwenyewe kapendeza, kaka?"

Niliondoka na picha ile ile, imechapwa hivyo hivyo, sina namna.

Dada nilimkuta akimenya viazi. Aliishika picha kwa ncha za vidole. "Anafanya nini huyu?"

Nikamweleza yote, sauti ikipanda, kila neno baya nikimtwika fundi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Na nyingine?"

"Nilizifuta."

"Ngapi?"

"Zote. Mikia ilikatika, dada."

"Vitoto vilikuwemo?"

Nilitamani kusema hapana. "Vilikuwemo."

Akaweka kisu chini. "Basi fundi amemalizia kazi yako. Kesho utashuka, ila mikono mitupu. Uangalie kwanza."

Nikamwambia huo ni uonevu. Nikamwambia zangu zilikuwa zangu, nina haki ya kuzifuta, na fundi hakuwa na haki ya kugusa hata moja. Mpaka leo naona hoja ile ilikuwa sahihi. Dada alichukua kiazi kingine tu.

Asubuhi nilifika kwenye gari kabla ya wote. Kamera niliiacha nyumbani. Nilikaa siti ya nyuma, na dada alipopanda akaniuliza nimeamkaje, nikaitikia kwa kichwa tu.