Tisa kwa Kumi Niliyoipa Bia Nisiyoionja

Nimechoka kuulizwa. Nikiingia tu baa pale Nyasubi, kuna mtu atakohoa makusudi, mwingine atapiga kelele "maziwa, leteni maziwa!", na meza nzima itacheka, halafu mgeni mmoja asiyejua ataomba asimuliwe, na mimi ndiye wa kusimulia aibu yangu mwenyewe. Basi naieleza leo yote, mwanzo mpaka mwisho, na mkicheka chekeni mmalize.

Mjue kwanza kwamba mimi Baba Kulwa, muuza vipuri vya pikipiki, nilikuwa na cheo mjini Kahama. Si cha serikali, cha baa. Ikija bia mpya chupa ya kwanza inaletwa mezani kwangu niitolee maksi, na mimi naanza na povu, naenda kwenye harufu, naingia kwenye uzito wake mdomoni, namalizia na kile kinachobaki kooni ukishameza (maneno hayo yote niliyaokota kwenye video za simu, lakini ukiyasema umefumba jicho moja watu wanakuamini). Waliniita Mthamini, kama wale wanaopima dhahabu, na kichwa kikavimba.

Sasa mdogo wangu Shija, ambaye anachimba dhahabu Mwakitolyo, akampata binti wa Didia anaitwa Minza. Mimi ndiye kaka mkubwa, baba yetu hayupo, kwa hiyo mshenga ni mimi. Mahari ilishakubaliwa, ikabaki siku moja tu ya kupeleka vinywaji, wazee wanywe, wabariki, basi. Lakini Baba Minza alikuwa ameshasema neno moja ambalo halikumtoka Shija hata usingizini: "Mchimbaji simkatai, ila dawa za machimboni haziingii kwenye nyumba yangu." Na kabla ya Shija alishamrudisha mchumba mmoja kwa sababu hiyo hiyo, kijana alikutwa na hirizi mfukoni.

Shija akaniomba jambo dogo sana. "Kaka, tupeleke kreti za bia ya kawaida na soda. Wazee wanaijua."

Nikamwambia, "Wewe chimba. Mambo ya bia niachie mimi."

Nilikuwa nimekwenda Geita kufuata vipuri, nikamkuta jamaa anayeuza vinywaji vya nje, akanionyesha boksi la chupa za kijani zenye maandishi usiyoweza hata kuyatamka. Akasema hii ni bia ya pilsna, ya mtindo wa Kicheki, ina hopsi kwelikweli. Nikamuuliza hopsi ndiyo nini (kwa sauti ya chini, nisisikike), akasema ni maua wanayotia ili iwe chungu. Nikaitikia kama mtu aliyekuwa anamjaribu tu. Nikanunua. Sikuionja, kwa sababu nilitaka wakwe waone boksi halijafunguliwa, waone ukwe mpya umekuja na heshima yake.

Tukafika Didia mchana, jua kali, bia imechemka kwenye buti la gari kama maji ya kuoga. Tukaamkia, tukaketishwa kwenye mabenchi uani. Baba Minza yupo, wazee wenzake wapo, na shangazi yake Minza, mama mmoja mrefu mwenye macho ya kupekua. Bibi yake Minza, mama yake Baba Minza, alikaa kwenye mkeka karibu na miguu yangu. Minza mwenyewe yuko jikoni, anachungulia. Nikasimama nikatoa hotuba. Jamani, ningekaa kimya! Nikasema wazee wangu, kinywaji hiki hakipatikani ovyo, mimi nimeonja bia za kila namna na hii nimeipa tisa kwa kumi.

Shangazi akasema, "Wabeja, baba, asante sana. Sasa onja, utuondolee sumu."

Ndiyo desturi, wala sikuisahau. Aliyeleta pombe ndiye anayeitia kinywani kwanza, wenyeji waone. Nimefanya hivyo mara nyingi na bia yetu ya kawaida, unapiga funda moja huku unaongea, hakuna hata anayekutazama. Nikafungua chupa, nikamimina, nikameza.

Ndugu zangu, mnaijua kwinini? Iwe ya moto, na iwe na povu. Uso wangu ulijikunja wenyewe, sikuuruhusu. Jicho moja likajifumba (lile lile la uthamini), bega likapanda, na nikatoa sauti ambayo mpaka leo sijui ilitoka wapi.

"Kuna nini humo?" akauliza shangazi.

Hapo mtu mwenye akili angesema ni ya moto, samahanini. Mimi nikaanza uthamini. "Hakuna kitu, mama, ni uchungu tu. Umewekwa makusudi."

"Makusudi?"

"Ndiyo. Kuna maua wanatia. Mwanzo huyasikii, halafu yanapanda taratibu, halafu yanakaa kooni hayatoki."

"Yaya!" Shangazi akasimama. "Hapana! Mmesikia wenyewe? Yanapanda taratibu!"

Shija akanivuta shati. Nikaona Baba Minza anamtazama Shija, hanitazami mimi, na nikajua anachokiwaza ni zile dawa za machimboni. Hofu ikanishika, na mwenye hofu hana hekima: nikaikamata chupa nzima nikasema tazameni, ingekuwa sumu ningekunywa hivi? Nikaigeuza mdomoni yote. Bia ya moto haigeuzwi hivyo. Povu likarudi, likakosa njia, likatokea puani, nikakohoa mpaka benchi likabinuka na mimi nikaenda chini chali, miguu juu, mbele ya wakwe.

"Anakufa!" Wanawake wakapiga yowe, majirani wakajaa. Mtu akanikalia kifuani, mwingine akanibana pua, wakanimiminia maziwa mabichi (maziwa ndiyo yanavunja sumu, kila mtu anajua) na mimi sina nafasi ya kueleza kwamba siumwi. Maziwa yakakutana na ile bia tumboni. Sitaeleza zaidi, ila mkeka wa bibi ulifuliwa siku ile, na hakuna aibu duniani kama kutapika ukweni.

Baba Minza akasimama. "Chukueni mizigo yenu." Hakupaza sauti. Jikoni nikamsikia Minza analia. Shija alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, na mimi nimelala pale na maziwa masikioni, najua nimemvunjia mdogo wangu nyumba kabla haijajengwa, kwa sababu ya maksi.

Ndipo bibi, ambaye alikuwa amehamishwa na kukalishwa kwenye kigoda, akanyoosha mkono akachukua chupa nyingine. Wakamwambia mayu, mama yetu, acha. Hakuacha. Akamimina kwenye kikombe chake cha bati, akanusa, akanywa, akakaa kidogo. Watu wote tunautazama mdomo wake.

"Ni pombe," akasema. "Chungu. Nzuri." Kisha akanigeukia. "Wewe, uliipa ngapi?"

"Tisa, bibi."

"Ulikuwa umeionja?"

Nikamtazama Shija. "Hapana, bibi. Nilidanganya. Leo ndiyo mara ya kwanza, na imenishinda."

Bibi akamwambia mwanawe, "Umesikia? Huyu hana dawa. Ana mdomo tu. Na anayeoa si yeye, ni yule mpole pale."

Nikaona ndevu za Baba Minza zinacheza, akageukia ukutani ili asicheke mbele yangu. Tukatozwa faini: kreti za bia ya kawaida, hiyo hiyo aliyoisema Shija, na mshenga mwingine. Wamekwishaoana. Minza ananiita shemeji Tisa.

Mimi cheo nimekirudisha, sitoi tena maksi kwa kitu ambacho ulimi wangu haujakigusa. Lakini bibi ameipenda ile pilsna, na hataki iletwe na mtu mwingine. Kwa hiyo kila tukienda Didia nafunga safari ya Geita kwanza, nabeba chupa, nafika, napiga magoti, naionja mbele yake. Chupa haitazami, anatazama paji la uso wangu linavyojikunja.

"Ngapi?" ananiuliza.

"Mbili, bibi."

"Haya, lete."