Mguu Wangu na Breki za Bi Harusi

Habari za kifo cha fundi breki wetu wa Majengo zilinikuta nimelala chini ya gari langu, nikitafuta mlio ambao yeye angeupata kwa kusikiliza tu. Jirani aliinama akachungulia. "Baba, toka huko," akasema. "Fundi ametutoka." Nikatoka. Hakuwa ndugu yangu, wala hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Lakini mtu mwenye gari la umri wa gari langu humwona fundi wake mara nyingi kuliko anavyowaona binamu zake, na wakati mwingine kwa hamu zaidi. Aliniita mwalimu, ingawa sijawahi kufundisha darasa lolote. Ni kwa sababu ya daftari ninalotembea nalo, ambamo huandika kila ninachojifunza mwenyewe kuhusu mashine.

Nataka kusimulia asubuhi moja tu. Mdogo wangu wa kike alikuwa anaolewa Majimoto, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumpeleka kutoka Mpanda. Padre alishatuambia wazi: misa ya ndoa ni saa nane mchana, kisha anaondoka kwenda kigango kingine. Bi harusi asipofika, ndoa itasubiri mpaka Kwaresima ipite. Siku moja kabla, fundi alikuwa amenibadilishia masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, na asubuhi ile pedali ya breki ikawa laini, inazama mpaka chini kama nimekanyaga ugali. Barabara yetu inapita katikati ya hifadhi, na twiga akiamua kuvuka hamsubiri bi harusi wa mtu yeyote. Saa moja kamili nilikuwa gereji, daftari mkononi, nikiwa nimeorodhesha sababu saba zinazoweza kuilainisha pedali.

Fundi alizipitia zote bila kunicheka. Alipangusa kila kiungo cha paipu kwa kitambaa kikavu, hakuona unyevu. Aliishusha masta silinda, akaijaza mafuta juu ya meza mpaka mapovu yakaisha, akairudisha. Ikabaki kazi ya kutoa upepo ulionaswa kwenye breki za magurudumu, kuanzia gurudumu la mbali. Mimi nikakaa kwenye usukani, yeye akaingia chini. "Kanyaga!" "Nimekanyaga." "Shikilia, usiachie mpaka niseme!" "Nimeshikilia." Hapo akafungua skrubu ndogo, upepo ukatoka pamoja na mafuta, kisha akaifunga. Tulifanya hivyo gurudumu baada ya gurudumu. Pedali ilianza kukaza, halafu ikalainika tena. Tukarudia. Ikalainika tena. Saa tatu ilipita, na nyumbani bi harusi alikuwa ameshavaa.

Fundi akajivuta kutoka chini, uso umejaa mafuta. "Mwalimu, kila nikifungua skrubu nasikia mtu anaitika marahaba."

"Wazee wanatoka misa ya asubuhi, fundi. Njia yao ni hii hii."

"Na wewe unawasalimia umekaa hapo hapo?"

Swali lile lilinikera. Nilikulia Kasansa kwa bibi yangu, na kwake mzee hasalimiwi na mtu aliyekaa. "Fundi, mimi nimelelewa," nikamjibu. "Nasimama."

Akainama kuitazama pedali. "Unasimama kwa mguu upi?"

Kila mzee aliyepita, mimi nilinyanyuka kwa heshima zote, mguu ukaiacha pedali wakati skrubu iko wazi, na breki zikavuta upepo upya. Fundi akaomba kalamu, akafungua daftari langu, na chini ya sababu ya saba akaandika: "Nane. Adabu."

Akarudi chini na sharti moja: mimi nisinyanyuke wala nisifungue mdomo, maana nikisalimia tu mguu utafuata. Haukupita muda bibi mmoja mwenye kitenge cha kwaya akasimama dirishani. Nikakaza mguu, nikatazama mbele kama askari wa gwaride, jasho likinitiririka.

"Shikamoo bibi!" sauti ikatoka chini ya gari.

"Marahaba," bibi akaitika, akinikazia macho. "Mwanangu, mbona mdomo wako hauchezi?"

"Ni mimi bibi, niko huku chini. Huyo ameshikilia breki."

"Masikini. Anaumwa?"

"Anakaribia kupona."

Alipomaliza gurudumu la mwisho, pedali ilikuwa ngumu, inagomea juu kabisa. Simu ikaita. Mdogo wangu alikuwa analia, anauliza nani amemharibia siku yake. Fundi akaichukua simu kwangu. "Bi harusi, usilie. Upepo uliingia kwenye breki, umetoka. Kaka yako anakuja." Hakuongeza neno. Karibu na Majimoto kundi la ng'ombe liliingia barabarani ghafla, nikakanyaga, gari likasimama, na shela haikusogea. Tulimkuta padre ameshashika ufunguo wa pikipiki yake. Alipotuona, akaurudisha mfukoni.

Mafundi wa kujua kosa liko wapi tunao wengi, na siku hizi simu nazo zinajua. Fundi huyu alijua kosa ni la nani, akaliondoa, na mdogo wangu hakulijua mpaka leo anaposoma safu hii. Nami nimejifunza kwamba jambo likikataa kutengemaa, kabla sijaanza kulaumu vyuma, niangalie kwanza mguu wangu uko wapi.